GARI YA KUVUTA MAJI: NAMNA YA KUTAZAMA PIKAPU ILIYOKWISHA KUTUMIKA



Kila asubuhi tunaona mambo yale yale: bidoni za lita 20 zimepangwa mstari, saa ya kwanza ya masomo inapita, na wengine wanaingia darasani viatu vimelowa. Huku kwetu Lac Vert tunakaa juu ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha maji yanapotea chini kama katika kichungio. Ziwa la kijani liko karibu, lakini maji yake si ya kunywa. Ndiyo maana komite ya wazazi ilikubali kutoa mchango tununue pikapu ya kuvuta remorki yenye tanki. Si gari mpya, pesa ya gari mpya hatuna. Ni gari ya okazyo, maana yake mwingine amekwisha kuitumia na sisi tunapokea afya yake pamoja na magonjwa yake.

Mimi nilitumwa pamoja na wazazi wawili kwa sababu nasoma mekanika mwaka wa tano. Papa mmoja mekanisiye wa upande wa Mugunga alikubali kutusindikiza kwa bei ya soda tu. Tulitazama magari matatu. Wengi wameniuliza, “Sasa gari iko wapi?” Jibu ni refu kidogo, basi naliandika hapa.

Kwanza uzito, kwa kuwa watu wanaanza na rangi na kumbe ingefaa kuanza na kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tanki ya lita 1000 ikijaa ni tone moja nzima. Ongeza chuma cha remorki, mipira yake na tanki yenyewe, tuseme kilo 300. Hiyo ni kilo 1300 nyuma ya gari, mbali na shofere, bidoni za ziada, na wale wanafunzi ambao siku zote wanaruka kukaa juu ya karoseri hata wakikatazwa. Papa alituuliza kabla ya kwenda popote: “Munataka kuvuta kilo ngapi?” Mzazi mmoja akajibu, “Maji tu, Papa.” Akacheka sana.

Kila gari ina uzito ambao kampuni yake imeruhusu ivute. Uzito huo umeandikwa katika kitabu chake, na kuna namba mbili: moja kwa remorki yenye freni zake, nyingine kwa remorki isiyo na freni. Watu wengi hawajui hii ya pili. Katika nchi za Ulaya remorki isiyo na freni zake yenyewe hairuhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo wake. Sababu yake ni rahisi: gari ikisimama, remorki haijui kama gari imesimama. Inaendelea kusukuma. Basi remorki yetu ya kilo 1300 ni lazima iwe na freni, hata kama hapa Goma tunaona kila siku nyingine zinapita bila freni, bila taa, zimefungwa na kamba. Tusipoweza kupata remorki yenye freni, afadhali tuchukue tanki ya lita 400 na kufanya safari mbili au tatu.

Sasa gari. Katika mji wetu pikapu za kazi nzito ambazo mtu anakutana nazo ni hasa Toyota Land Cruiser ya ile familia iliyoanza mwaka 1984, Toyota Hilux, na mara moja moja Nissan Patrol. Land Cruiser ya pikapu tunayoiona sana ina moteri ya mazutu inayoitwa 1HZ: silinda 6, lita 4.2, bila turbo, nguvu ya farasi karibu 130. Haina mbio. Lakini inavuta tangu chini, moteri ikizunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu ya kuvuta. Gari ya esansi inataka kupigishwa kelele ndipo itoe nguvu. Ya mazutu inaondoka na mzigo kama ng'ombe wa kulima. Hilux ni gari nzuri pia, ila zile za zamani ni nyepesi na ziliruhusiwa kuvuta uzito mdogo kuliko Land Cruiser. Kwa kilo 1300 Hilux nzima inatosha. Hilux iliyochoka haitoshi.

Jambo moja ambalo mwalimu wetu wa fizika atafurahi kulisoma: hapa tuko kwenye kimo cha metre 1500 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, karibu asilimia 86 tu ya hewa ya pwani. Moteri isiyo na turbo inavuta hewa kidogo zaidi, inachoma mazutu kidogo zaidi, na nguvu inapungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Basi farasi 130 za kitabu zinakuwa 110 au 112 hapa kwetu, na ukipanda milima ya Masisi zinapungua tena. Muuzaji akisema gari “inapanda kila mlima”, muulize alipanda na mzigo gani.

Gari ya kwanza tuliyoitazama ilikuwa nyeupe, inang'aa, mipira mipya, hata tapi za ndani mpya. Komisyoneri aliimba sifa zake kama mtu wa korali. Konteri ilionyesha kilomita 98,000. Papa hakutazama konteri hata kidogo. Alitazama kanyagio cha ambreyaji: mpira wake umeisha mpaka chuma kinaonekana. Akatazama vola: imelainika kama kiti cha kanisa la zamani. “Konteri banaweza rudisha,” alisema, “lakini mguu ya shofere haiwezi rudisha kanyagio.” Kisha akalala chini, juu ya kipande cha karto, akaanza kugonga shasi na nyundo ndogo.

Hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Gari ya kuvuta inateseka nyuma, mahali ndoano inapofungwa kwenye shasi na mahali lame za resori zinaposhikwa. Shasi nzima ukiigonga inalia kama kengele ndogo. Ikiwa imekula kutu ndani au imejazwa mastiki, sauti inakuwa nzito, kama kugonga debe lenye udongo. Ile gari nyeupe ililia vizuri mbele, nyuma ilinyamaza. Papa akakwaruza rangi kidogo na bisibisi, na chini yake tukaona mshono wa kusudua, mrefu kama mkono wangu. Shasi ilikuwa imekatika, ikaungwa, ikapakwa rangi. Kwa kubeba viazi pengine ingekaa miaka. Kwa kuvuta tone moja na kidogo juu ya mashimo na mawe ya lava, ingeweza kufunguka siku yoyote, na remorki ikabaki inashuka peke yake barabarani ambako watoto wanapita na chukudu. Tulimshukuru komisyoneri, tukaondoka. Hakutuaga.

Gari ya pili nitaisema kwa ufupi. Vola yake ilikuwa imehamishwa kutoka kuume kwenda kushoto. Sisi tunaendesha kuume kwa barabara, na Wanyarwanda vilevile, lakini Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto, Japani pia, kwa hiyo magari mengi yanayotoka huko yana vola kuume. Kuihamisha kunawezekana, lakini ni kukata na kuunga chuma mahali ambapo maisha ya watu yanategemea. Iliyofanywa vibaya, vola inacheza. Hiyo ilicheza. Tena namba iliyochongwa kwenye shasi haikufanana na ile ya karte roze. Katika nchi yetu, ambako nyakati za vita magari yanabadili mikono bila karatasi, gari ya namna hiyo inaweza kudaiwa na mwenyewe hata baada ya miaka, na shule itapoteza gari na pesa pamoja. Usikubali neno la “karatasi zitafuata”. Karatasi zitangulie.

Ya tatu ni ya zamani, rangi imepauka, mlango mmoja unafungwa kwa nguvu. Shasi ililia vizuri kote. Tukaingia kwenye moteri. Papa aliweka kiganja juu yake kwanza, ikawa ya moto. Muuzaji alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Hii ni hila ya kawaida: moteri ya mazutu iliyochoka inakataa kuwaka asubuhi ikiwa baridi, lakini ikipashwa moto inawaka kama mpya. Siku ile hatukuweza kujua.

Mengine tuliyaona. Moshi: mweusi kidogo ukikanyaga ghafla si ajabu kwa mazutu, hasa huku juu kwenye hewa nyepesi, ukizidi, tazama filtre ya hewa na enjekteri. Moshi wa buluu maana yake moteri inakula mafuta yake. Mweupe usiokoma hata moteri ikipata moto, pengine maji yanaingia ndani. Kifuniko cha mafuta ukikifungua ukakuta povu kama maziwa, funga, sema asante, rudi nyumbani. Radiateri inatazamwa moteri ikiwa imepoa (msifungue ya moto, mtaungua uso), kisha moteri inawashwa na unaangalia kama mapovu yanapanda bila kukoma. Yakipanda, mshindilio unapita kwenye kulasi, na kuvuta mzigo mlimani kutaimaliza upesi. Kwa ambreyaji Papa alifunga freni ya mkono, akaingiza vitesi ya nne, akaachilia kanyagio polepole. Moteri ikazimika mara moja. Vizuri. Ingeendelea kuzunguka, ingekuwa ambreyaji inateleza, na hicho ndicho kitu cha kwanza kuungua kwenye gari ya kuvuta.

Akauliza pia mkanda wa distribisyo ulibadilishwa lini. Moteri ya 1HZ inao, na kwa kawaida watu wanaubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Muuzaji hakujua. Basi tuhesabu kwamba haujabadilishwa, na bei yake itolewe kwenye bei ya gari. Vivyo hivyo lame za resori: moja imevunjika upande wa kushoto. Hilo si kosa la kukimbia. Pyesi za Toyota zinapatikana karibu kila kartye ya Goma, ingawa nyingine ni za bandia, na Papa anajua duka gani asiende.

Neno moja bado juu ya tanki, kwa sababu itakuwa kazi yetu wanafunzi kuijaza. Remorki isiwe nyepesi mbele. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake ikae juu ya ndoano, yaani kilo 130 kwa remorki yetu. Ikiwa nzito nyuma, itayumba na kuyumbisha gari. Tena tanki iliyojaa nusu ni mbaya kuliko iliyojaa kabisa: maji yanakimbia mbele ukifunga freni, yanarudi nyuma ukiondoka. Tanki nzuri ina kuta ndani za kuyazuia. Yetu haina. Basi ijazwe mpaka juu au isisafiri.

Mzazi mmoja wa komite bado anaililia ile nyeupe, anasema hii ya tatu itaiaibisha shule mbele ya wageni. Bwana Prefe hajasema neno. Kwa upande wangu naona aibu ni bidoni. Muuzaji amekubali turudi Jumamosi asubuhi sana, na ameahidi kutogusa moteri tangu Ijumaa jioni. Papa amesema atafika nusu saa kabla yetu, aweke kiganja chake.