Sendwe alikuwa nani? Mwenye elimu aliyekataa Katanga ikatwe

Mu komini yetu ya Kenya, kila siku tunasikia: "Mutoto eko Sendwe", "Bibi alizalia Sendwe". Vijana mingi wanafikiri Sendwe ni jina la nyumba ya wagonjwa tu. Hapana. Alikuwa muntu, na maisha yake inatugusa sana sisi watu wa mukuba.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 kule Mwanya, upande wa Kabongo. Alisoma kwa wamisionere wa Metodiste, kiisha akafuata masomo ya ualimu na ya dini. Lakini moyo wake ulitaka udaktari. Wakati ule hakukuwa universite mu Kongo: Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na ile ya Elisabethville mwaka 1956. Sendwe akasoma mpaka pale njia ilipoishia. Akawa asistanti medikali, cheo cha juu ambacho mweusi aliweza kupata mu hopitali. Alitunza wagonjwa, lakini jina la daktari lilibaki la mzungu. Wazee wetu wa kambi za Union Minière walijua ile hesabu: kazi ni yako, cheo ni cha mwingine.

Mwisho wa mwaka 1957, weusi wa Elisabethville walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza. Watu wa asili ya Kasai walishinda sana, na wengine wakaogopa. Mwaka 1958 Conakat ikazaliwa, ikisema Katanga ni ya Wakatanga. Balubakat ya Sendwe ilitembea nayo kidogo, lakini mwezi wa 11, 1959, ikatoka. Iliona Conakat inaungana na wazungu waliotaka Katanga ibaki mkononi mwao.

Sasa angalia akili ya huyu muntu. Alikuwa Muluba wa Katanga. Angeweza kufunga mlango na kukaa na wa kwao. Yeye akafanya Cartel pamoja na Fedeka ya watu wa Kasai na Atcar ya Watshokwe. Mu kambi na mu site, wafanyakazi wa asili mbalimbali wakajikuta upande mumoja.

Mu kura ya mwezi wa 5, 1960, Conakat ilipata viti 25 na Cartel 23, juu ya viti 60 vya provensi. Kwa sheria, hakuna aliyeweza kuunda serikali peke yake: asipokuja mwenzake, watu hawatoshi kwa kikao. Ilipasa kupatana. Basi Bruxelles ikafanya nini? Mwezi wa 6, siku chache mbele ya uhuru, ikageuza ile sheria, na Conakat ikachukua serikali yote. Lumumba alimutaja Sendwe kuwa komisere wa serikali kwa Katanga, lakini tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kujitenga. Union Minière ikalipa kodi yake kwake, si kwa Kongo. Jasho la wachimbaji njo lililipa bunduki.

Kaskazini vita ikawaka. Askari wa Tshombe wakachoma mavijiji. Tuseme ukweli wote: vijana wa Balubakat nao waliua watu wasio na kosa. Mwezi wa 10, ONU ilimupeleka Sendwe kule atulize watu, kwa sababu walimusikia. Mwaka 1961 akawa naibu wa waziri mkuu Adoula. Kujitenga kukaisha mwezi wa 1, 1963, na mwaka ule ule akawa prezida wa provensi ya Katanga ya Kaskazini.

Hakukaa siku mingi. Mwaka 1964 uasi ukafika Albertville, ile tunaita leo Kalemie. Mwisho wa mwezi wa 5 walimukamata. Askari wa serikali wakamufungua. Tarehe 19 Juni akauawa. Mpaka leo watu hawapatane juu ya mkono uliomuua. Alikuwa na miaka 47 hivi.

Wandugu, kwa nini naandika hii? Kwa sababu kila mara tunapochagua wadelege wa sindika, kuna mumoja anayepita nyumba kwa nyumba na kusema: "Usimuchague ule, si wa kwetu." Sendwe mwenyewe alikuwa na chama cha kabila, na chama kile kilimufunga miguu. Lakini mwaka 1960 alielewa jambo moja: mwenye mali hana kabila. Anatumia yako kumupiga jirani, kesho anatumia ya jirani kukupiga wewe. Siku ya paie, hakuna karatasi inayoandikwa Muluba, Mubemba, Mutshokwe wala Mukasai. Inaandikwa tu hesabu ya franga, na ile hesabu inapanda siku tunapoketi kwa meza moja.

Basi mbele ya kuuliza mudelege ametoka wapi, tuulize kwanza: anasoma vizuri mkataba wetu? Na akikaa mbele ya patron, anasimama upande wa nani?