Hadithi Moja, Albamu Moja

Mama mmoja wa Washington amemshika binti yake mkono, anampeleka shule kwa mara ya kwanza. Mtoto amevaa nguo mpya, na nywele zake zimesukwa, zinanukia mafuta. Shule anayoitaka mama iko mkabala na kanisa lake, lakini wakifika wanaambiwa mtaa wao uko chini ya shule nyingine. Wanakwenda huko. Mama anapewa fomu, anaitazama, kisha anamwendea mwanamke asiyemjua na kumwomba amjazie. Hajui kusoma. Binti yuko papo hapo, anaona na anasikia.

Hiyo ni "The First Day", hadithi ya Edward P. Jones iliyomo katika mkusanyiko wake Lost in the City wa mwaka 1992. Haifiki kurasa kumi, na Kiingereza chake ni chepesi kwa sababu mambo yanaonekana kwa jicho la mtoto. Aliyemaliza kidato cha nne anaisoma bila kamusi. Ila sentensi ya kwanza imeshatega mtego: inadokeza kwamba baadaye binti huyu alikuja kujifunza kumwonea haya mama yake. Jones mwenyewe alilelewa na mama asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya yake The Known World, lakini anayetaka kumjua mwandishi huyu aanzie hapa, kwenye fomu ile.

Akimaliza kusoma, avae spika za masikioni.

The Miseducation of Lauryn Hill, albamu ya mwaka 1998, inafunguliwa kwa kengele ya shule. Mwalimu anaita majina na wanafunzi wanaitikia mmoja mmoja. Likifika jina la Lauryn Hill, kimya. Analirudia, kimya. Ngoma ikianza kulia, msikilizaji anaelewa kwamba aliyekosekana darasani ndiye atakayesema kwa zaidi ya saa nzima inayofuata. Darasa hilo linarudi tena na tena kati ya nyimbo, watoto wakibishana na mwalimu wao kuhusu maana ya upendo. Sauti ya mwalimu ni ya Ras Baraka, ambaye mwaka 2014 alichaguliwa kuwa meya wa jiji la Newark. Jina la albamu nalo linamwitikia Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyetoa kitabu mwaka 1933 kuhusu elimu inayompotosha mtu mweusi. Hill alikuwa na miaka 23, na hiyo ndiyo albamu ya kwanza ya hip hop kupewa Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Kitabu na albamu havikupangwa vikutane. Lakini ukivipokea jioni moja, kimoja kinakifungua kingine: mtoto anayeingizwa darasani na mama asiyesoma, na msichana ambaye jina lake linaitwa darasani naye hayupo. Ndiyo maana mwenye rafiki wa kumpa kitu cha kusoma au kusikiliza angefanya vizuri kumpa viwili kwa mpigo, hadithi moja na albamu moja. Mpenda vitabu atavuka kwenda kwenye muziki kwa daraja analolijua, na mpenda muziki vivyo hivyo kwa upande wake.

Hadithi fupi na hip hop zinaishi kwa ubanaji uleule. Mwandishi wa hadithi fupi hana kurasa za kumkuza mhusika tangu utotoni. Rapa naye hana zaidi ya beti tatu. Wote wawili wanalazimika kuingia katikati ya jambo, kuchagua kitu kimoja cha kuonyesha, na kutoka mapema. Kijana wa Temeke au Likoni anayesema hapendi kusoma, na papo hapo anachana wimbo mzima kwa kichwa, pamoja na mahali rapa anapovuta pumzi, amekuwa akishughulika na fasihi siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kile anachokipenda kwenye wimbo kipo pia kwenye karatasi.

Zamani kumdokeza mtu muziki kulikuwa na gharama. Miaka ya 1990, kabla ya simu za mkononi kuenea, mwenye kanda ya marapa kama Nas au Mr. II alikuwa na deni kwa mtaa mzima. Aliyetaka kumdabia rafiki yake alitafuta redio ya kaseti mbili, akaweka kanda tupu upande mmoja, akabonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja, akasubiri. Kwa redio nyingi hapakuwa na njia ya mkato: kanda ya dakika 60 ilitaka dakika 60. Ukifika mwisho wa upande A wimbo unakatika katikati, unageuza, unaendelea. Kisha majina ya nyimbo yanaandikwa kwa kalamu kwenye kile kikaratasi chenye mistari, herufi ndogondogo ili zote zienee. Rafiki akipokea kanda hiyo alijua kuna mtu aliyekaa na kuisikiliza yote kwa ajili yake. Siku hizi kiungo kinatumwa kwa sekunde moja, na kinasahauliwa kwa sekunde hiyo hiyo. Usikivu ule unaweza kurudishwa kwa sentensi moja tu inayoandamana na kiungo: anza na wimbo wa saba, sikiliza anavyosema na mtu aliye gerezani.

Wimbo wa saba ni "One Love", na albamu ni Illmatic ya Nas, iliyotoka Aprili 1994. Ndiyo ya kumpa mtu asiyeamini kwamba hip hop ni fasihi. Nas alikuwa na miaka 20. Albamu nzima ina nyimbo kumi pamoja na utangulizi, na haifiki dakika 40. Mtu wa Mbagala anaimaliza kabla daladala haijafika Posta. Kwenye kava kuna uso wake akiwa mtoto, na nyuma ya uso huo yamechomoza majengo ya Queensbridge, makazi makubwa ya umma ya jiji la New York alikokulia. Biti zilitengenezwa na mafundi kadhaa, miongoni mwao DJ Premier, Pete Rock, Large Professor na Q-Tip, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ambapo albamu nyingi zilikuwa na mtayarishaji mmoja. Baba yake, mwanamuziki wa jazi Olu Dara, anapuliza koneti kwenye mmoja wa nyimbo hizo. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu hii katika orodha ya sauti zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa.

"One Love" ni barua. Msimulizi anawaandikia marafiki walio jela na kuwapa habari za mtaani: nani kafanya nini, nani kageuka. Msomaji aliyepitia Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ, anaijua mbinu hiyo: anayeandikiwa hasemi neno, lakini tunamwona kupitia yale anayoambiwa. Nas aliendelea kuchezea mbinu za wasimulizi kwa miaka mingi. Mwaka 1996, katika albamu It Was Written, aliipa bunduki nafsi ya kwanza ikajieleza yenyewe. Mwaka 2001, katika Stillmatic, alisimulia kisa chote kinyumenyume, kikianzia mwisho na kuishia mwanzo. Kabla yake, mwaka 1988, Slick Rick alikuwa ametunga "Children's Story", ambamo mjomba anawasimulia watoto hadithi ya kulalia, na hadithi yenyewe ni ya kijana anayeharibikiwa na wizi.

Hapa mtoa pendekezo anatakiwa awe mkweli. Illmatic ina matusi na bangi ndani yake. Kumpa mtu anayesikiliza muziki sebuleni na wazazi bila kumwambia ni kumtia aibu, na baada ya hapo hatapokea tena kitu kutoka kwako. Lauryn Hill ni salama zaidi kwa nyumba yenye watoto.

Kwa mazingira ya nyumbani, jozi iliyo bora kuliko zote ni ile ya wanasiasa wawili. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, albamu yake ya kwanza baada ya kuvuma na kundi la Hard Blasters. Ndani yake kuna "Ndio Mzee": mgombea yuko jukwaani, anamwaga ahadi, na umati unamjibu kwa maneno hayo mawili ya jina la wimbo. Kila ahadi inaizidi iliyotangulia kwa ukubwa, na kila itikio linazidi kuuma, kwa sababu ni la heshima. Hakuna msimulizi anayejitokeza kusema kwamba mtu huyu ni mwongo. Anaachwa aongee mwenyewe mpaka ajimalize. Mtunzi wa tamthilia angejivunia kazi hiyo. Miaka 14 baadaye Joseph Haule, ndilo jina la Professor Jay, alisimama kwenye majukwaa ya kweli na kuchaguliwa mbunge wa Mikumi.

Wa kumweka pembeni yake ni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020. Wengi wanamjua kwa Rosa Mistika na mashairi yake huru, wakaishia hapo. Hadithi yake fupi "Mayai Waziri wa Maradhi" inabeba shabaha tangu kwenye jina: waziri anayepaswa kuwa wa afya amegeuzwa kuwa wa kile anachopaswa kukipiga vita. Aliyeucheka wimbo wa Jay usiku wa kuamkia uchaguzi aisome hadithi hii asubuhi yake. Kicheko ni kilekile, ila cha Kezilahabi kimepoa na kimekuwa kizito.

Kenya kuna tatizo la aina yake, nalo ni mtihani. Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ulikuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari, na maelfu ya vijana waliukaribia kama mtu anavyokaribia sindano: taja maudhui, fafanua tashihisi, toa mifano minne. Ukimtajia mtu wa umri huo kitabu hicho anakunja uso. Inafaa aombwe jambo dogo tu: asome upya hadithi moja, ile ya Said Ahmed Mohamed iliyoupa mkusanyiko jina, pasipo kalamu mkononi.

Mtaa ni wa mabanda, na jina lake ni Madongoporomoka. Siku moja linaingia Jitu kwenye mkahawa wa mtaa. Mwandishi halipi jina la mtu. Ni Jitu tu. Linaagiza, linakula, linaagiza tena. Sahani zinapangana, sufuria zinakombwa, watu wamesimama wanatazama, wengine hofu imewashika, wengine wanastaajabu tu. Linamaliza chakula chote kilichokuwepo, na kabla ya kuondoka linaahidi kurudi kesho. Kesho yake yanakuja matingatinga kubomoa mtaa. Hakuna mahali mwandishi anapoeleza uhusiano wa tumbo lile na ardhi ile. Mwanafunzi aliyeulizwa maswali juu yake akiwa na miaka 17 alijibu akapata alama zake. Akiisoma sasa, mwenye kodi ya kulipa na mtaa anaouogopea, mkono unaweza kutetemeka.

Albamu ya kufuatia ipo tayari. Dandora, mashariki mwa Nairobi, ndiko liliko jalala kubwa la jiji, na ndiko walikotoka Kalamashaka, vijana watatu waliotikisa redio kwa "Tafsiri Hii" mwaka 1997 na kutoa albamu Ni Wakati mwaka 2001. Kutoka kwao likakua kundi pana la Ukoo Flani Mau Mau, lililowaunganisha marapa wa Dandora na wenzao wa Mombasa, na mwaka 2006 likatoka Dandora Burning. Wanachana kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na hapo rafiki wa Tanga au Bukavu atapotea njia katika mistari kadhaa. Asipewe kamusi. Akae na anayeijua lugha hiyo, wausikilize wimbo wa kwanza pamoja mara mbili, aelezwe maneno matano au sita yanayojirudia, kisha aachiwe albamu aende nayo peke yake.

Kuna pia rafiki aliye ughaibuni. Huyo apewe "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora, kisa cha mwanafunzi Mwafrika katika nchi ya Marekani, kilichoandikwa na mtu aliyesoma na kufundisha huko. Na kama ni mtu wa lugha nyingi, yuko Ngũgĩ wa Thiong'o na ngano yake ya viungo vya mwili vinavyoshindana, aliyoiandika kwa Kikuyu na ambayo mwaka 2016 ilitolewa katika jarida la Jalada kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Isindikizwe na Maasai Hip Hop ya X Plastaz wa Arusha, ya mwaka 2004, ambamo sauti ya kuimba kwa Kimaasai inapita juu ya biti bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Orodha ingeweza kuendelea, na ndipo wengi wanapoharibu. Rafiki akitumiwa vitu 20 hufungua sifuri. Akitumiwa viwili, na siku tatu zikapita bila kuulizwa, mara nyingi ni yeye mwenyewe anayepiga simu, tena usiku, kuuliza yule mwanamke aliyeombwa kujaza ile fomu alimjibu nini yule mama.