Rangi za Maabara na Hesabu ya Gharama Zake

Mji wa Kilosa umo kando ya Reli ya Kati. Mji mdogo wa Mikumi, ulio katika wilaya hiyo hiyo, umo kando ya barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia. Kila mmoja una hospitali: Kilosa ipo Hospitali ya Wilaya, na Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Katika maabara za hospitali za namna hii, tone la damu au makohozi hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Kazi hiyo huacha alama mahali pawili, yaani kwenye kioo na kwenye daftari. Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa ile ya kwanza. Ya pili hufundishwa kwa nadra, ingawa ndiyo inayoamua kama rangi itakuwamo kabatini mwezi ujao.

Kwa nini rangi hutiwa

Bakteria nyingi hupitisha mwanga kama maji, na kwa hiyo ni vigumu kuziona. Rangi hushikamana na sehemu fulani za chembe kwa sababu za kikemia, na kuzitenga na mazingira yake.

Rangi ya Giemsa, itumikayo kutafuta vimelea vya malaria, ina jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa, aliyeieleza mwaka 1904. Kabla ya hapo, kati ya 1895 na 1898, Giemsa alifanya kazi ya ufamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rangi yake hukipa kiini cha kimelea wekundu, na utegili wake ubuluu.

Kwa kifua kikuu hutumika njia ya Ziehl na Neelsen, iliyobuniwa miaka ya 1880 baada ya Robert Koch kutangaza ugunduzi wa bakteria wa ugonjwa huo tarehe 24 Machi 1882. Bakteria huyu ana ukuta wenye nta, ambao rangi za kawaida haziupenyi kwa urahisi. Kwa hiyo fuksini nyekundu yenye fenoli humwagwa juu ya kioo na kupashwa moto hadi itoe mvuke. Kioo huoshwa, kisha hutiwa asidi. Chembe nyingine nyingi hupoteza wekundu, lakini bakteria wa kifua kikuu hubaki nao, maana nta imeufungia ndani. Mwisho hutiwa buluu ya methilini. Mtazamaji huona vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu.

Misimbo miwili

Baada ya kazi hiyo, karatasi ya mgonjwa huhitaji misimbo ya aina mbili. Msimbo wa kwanza hutaja ugonjwa. Katika toleo la 10 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, A15.0 ni kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa kwa hadubini. Ikiwa vijiti vyekundu havikuonekana, msimbo huo haufai. Mgonjwa ambaye bado hajajulikana ana nini huandikiwa dalili yake, kwa mfano R05, yaani kikohozi.

Msimbo wa pili hutaja kazi iliyofanywa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, una orodha yake ya huduma na bei. Marekani hutumika orodha ya Chama cha Madaktari, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1966. Sharti moja halibadiliki popote: misimbo hiyo miwili ipatane. Dai la rangi ya kifua kikuu kwa mtu aliyeandikiwa kuvunjika mguu tu litazusha swali, na malipo yatachelewa.

Mfano wa kuhesabu

Hesabu huwa ngumu zaidi katika vipande vya nyama ya mwili, ambavyo huchunguzwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili. Ichukuliwe kwamba mkulima ana uvimbe shingoni. Kipande kilichokatwa hugandishwa katika mabonge 2 ya nta. Kila bonge hutolewa kioo kimoja cha rangi ya kawaida, yaani hematoksilini na eosini. Mtaalamu akishuku kifua kikuu, huagiza rangi ya Ziehl na Neelsen kwa kila bonge. Pamoja navyo hutiwa rangi kioo 1 cha kulinganishia, chenye bakteria wanaojulikana, ili kuhakikisha kwamba rangi ni nzima. Jumla ni vioo 5.

Je, yadaiwe malipo ya vioo 5? La. Kwa kanuni za Kimarekani, rangi ya kawaida imo tayari ndani ya bei ya uchunguzi wa kipande, msimbo 88305, mara 1. Rangi maalumu ya vijidudu, msimbo 88312, huhesabiwa kwa kila bonge, mara 2. Kioo cha kulinganishia hakidaiwi, kwa kuwa ni gharama ya maabara ya kuhakikisha ubora wa kazi yake. Vivyo hivyo kioo kilichorudiwa kwa sababu rangi iliharibika hakiwi mzigo wa mgonjwa.

Bure si bila gharama

Nchini Tanzania uchunguzi na tiba ya kifua kikuu katika mpango wa taifa hutolewa bila malipo. Hata hivyo fuksini hununuliwa, na spiriti ya kupashia moto huisha. Maagizo ya vifaa hutegemea idadi iliyoandikwa daftarini. Vikipimwa vioo 60 na kuandikwa 40, maagizo yatapungua kwa theluthi moja, na mgonjwa wa mwisho wa mwezi atarudishwa nyumbani na kikohozi chake, akawaambukize jamaa zake. Kwa upande mwingine, vikiandikwa 80, takwimu za taifa zitakuwa za uongo, na mfuko wa wote utaibiwa. Siku hizi mashine zinazotambua chembe za urithi za bakteria zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya utambuzi, lakini hadubini bado hutumika kufuatilia maendeleo ya tiba, na kanuni ya daftari ni ile ile.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini asidi haiondoi wekundu wa bakteria wa kifua kikuu?
2. Kipande cha nyama kina mabonge 3, kila moja likatiwa rangi ya kawaida na rangi 1 maalumu ya vijidudu, pamoja na kioo 1 cha kulinganishia. Ni vioo vingapi vilivyotengenezwa, na vipi vinavyodaiwa?