Mtoto wa shule katika familia iliyohama: siku yake, michezo yake, vitabu vyake



Kila tunapokutana nanyi kuongea juu ya shule, mazungumzo yanaenda haraka kwenye pesa, madawati na makaratasi. Ni haki yenu, mambo hayo ni mazito. Lakini safari hii tunataka tumwangalie mtoto mwenyewe: anaamka saa ngapi, anatembea na nani, anacheza nini saa ya mapumziko, na anasoma nini wakati hakuna mwalimu anayemlazimisha. Katika shule tunazozitembelea kandokando ya Goma, huko Nyiragongo na Masisi, tumeona kwamba mtoto wa familia iliyohama haachi shule kwa siku moja. Anaiacha polepole. Leo amechelewa, kesho amekosa biki, kesho kutwa wenzake wamemcheka namna anavyosema, na wiki inayofuata anaonekana sokoni akiuza mandazi au akisukuma chukudu ya mtu. Watu wenye silaha nao wanajua kumtafuta mtoto asiye na kazi asubuhi. Na tunapowauliza wale waliobaki darasani ni nini kinachowaleta, wachache wanasema wanataka kuwa daktari au mbunge. Wengi wanataja rafiki, mpira, au hadithi.

Kabla ya kengele

Tumchukue mtoto wa kike wa miaka kumi, wa darasa la nne, anayekaa na wazazi wake nyumbani kwa shangazi. Siku hizi wengi wako hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizoizunguka Goma zilivunjwa. Familia nyingine zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, nyingine zikaingia katika nyumba za ndugu, na watoto wengi wakabadilisha shule kwa mara ya pili au ya tatu.

Saa kumi na moja alfajiri yuko tayari njiani na bidoni. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, maji ya mvua yanazama chini na hakuna mito ya kuchota, kwa hiyo ni bomba au ziwa, na kwenye bomba kuna foleni. Akirudi anafagia, anamwosha mdogo wake, anakunywa chai kama ipo. Kengele inalia saa moja na nusu. Kaka yake wa miaka kumi na miwili ameamka saa kumi na mbili na nusu, amenawa uso, amekwenda. Mtusamehe kusema wazi: tukisimama mlangoni pa shule kuangalia wanaochelewa, wengi ni wasichana, na sababu ni bidoni. Nyumba ambazo mvulana na msichana wanapokezana maji, au maji yanachotwa jioni, hatuzioni katika foleni hiyo.

Shule nyingi zina zamu mbili kwa sababu vyumba havitoshi. Mtoto wa zamu ya mchana ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Anashinda asubuhi nzima bila mtu, na ikifika saa sita ameshachoka au ameshapata kazi ndogo ya kuingiza faranga mia chache. Viongozi, huyu ndiye wa kumpangia shughuli asubuhi.

Bure ni nini, na si nini

Kifungu cha 43 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza jambo hilo katika nchi nzima, pamoja na shule zinazoendeshwa na makanisa kwa mkataba na serikali. Watoto wakaja kwa wingi, na mpaka leo kuna madarasa yenye watoto wanne au watano kwenye dawati moja. Lakini bure haina maana kwamba daftari, biki, shati jeupe na sketi ya bulu vinaanguka kutoka mbinguni. Mzazi akijua hivyo mapema hadhani ameibiwa. Na kinyume chake, akiombwa pesa ya kumwandikisha mtoto katika shule ya msingi ya serikali, ana haki ya kuuliza ni ya nini, na kuwaomba wajumbe wa COPA, yaani komite ya wazazi, waende naye kwa direkta.

Makaratasi ndiyo yanayozuia wengi. Mazungumzo tunayoyasikia kila mwanzo wa mwaka ni kama haya:

«Karibu, mama. Buleti ya mtoto iko wapi?»

«Direkta, tulitoka usiku. Tulibeba watoto, hatukubeba makaratasi.»

Maneno yasiishie hapo. Mtoto anaweza kusomeshwa ukurasa mmoja na kufanyishwa hesabu tatu nne, na mwalimu ataona yuko darasa gani. Tumeona madirekta wengi wakikubali, hasa mama asipoenda peke yake. Kiongozi wa wahamaji akifuatana na mzazi, na kiongozi wa mtaa akiwapo pia, mlango unafunguka kwa urahisi. Anayerudishwa madarasa mawili nyuma kwa kukosa karatasi, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye, mara nyingi haishi muhula. Aibu inamtoa.

Lugha tatu katika kichwa kimoja

Mtoto wetu nyumbani anaongea Kihunde, au Kinyarwanda, au Kinande. Njiani na sokoni ni Kiswahili. Kwenye ubao, kuanzia madarasa ya juu, ni Kifaransa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia, na katika madarasa ya kwanza huku kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Mtihani wa taifa wa darasa la sita, hata hivyo, ni wa Kifaransa.

Ndiyo maana mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima wa Kifaransa, vizuri kabisa, na ukimwuliza umesema nini anatazama chini. Wazazi wengine wanaona Kiswahili kinapoteza wakati. Sisi tunaona tofauti. Anayejifunza kusoma katika lugha anayoielewa anajua kwamba alama zile ni maneno yenye maana, na akihamia Kifaransa anabeba ujuzi huo. Yule aliyeruka hatua hiyo anakariri kama kasuku, na darasa la tano linamkuta hapo.

Mapumziko

Dakika ishirini tu, lakini mwulize mtoto yeyote: ndizo zinazokumbukwa. Wavulana wana mpira wa mifuko ya plastiki na majani makavu ya migomba, umefungwa kamba mpaka unadunda. Wengine wametengeneza chukudu ndogo ya mbao na wanashuka nayo juu ya mawe meusi ambayo Nyiragongo iliyaacha, mengine ya mwaka 2002, mengine ya Mei 2021. Magoti yao ni ushahidi. Wasichana wanaruka kamba, na wanacheza nzango. Kwa asiyeijua: timu mbili zinasimama uso kwa uso, wawili wanakutana katikati, wanaimba na kupiga makofi, wanaruka, na kila mmoja anatupa mguu mbele. Pointi inategemea kama miguu imelingana au imetofautiana. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Mfanyakazi mwenzetu mmoja, mtu wa digrii mbili, alishindwa na mtoto wa darasa la tatu mbele ya shule nzima.

Watu wazima wengi wanaona hayo ni kupoteza nguvu. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 wakati ikiitwa Zaire, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mtoto aliyeona vita mara nyingi hasemi aliyoyaona, na mwili wake unahitaji kukimbia na kucheka kabla kichwa hakijapokea hesabu.

Halafu kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi tunaofanya kazi ya amani. Uwanja wa shule ndio mahali pa kwanza ambapo mgawanyiko wa watu wazima unaonekana kwa watoto. Tumekuta timu mbili: «wenyeji» na «wa kambi». Hakuna mwalimu aliyewagawa. Wamerudia tu maneno waliyoyasikia nyumbani, kwamba wageni wamejaza madarasa, wamemaliza maji. Mechi ya namna hiyo inaanza na mpira na kumalizika na mawe. Mahali walimu walipogawa timu kwa mwezi wa kuzaliwa, au kwa herufi ya kwanza ya jina, hasira ilipungua, kwa sababu huwezi kumtupia jiwe golikipa wako. Wazazi pande zote mbili, maneno mnayoyasema jioni juu ya jirani yanafika uwanjani asubuhi.

Kuhusu usalama wa shule yenyewe tuseme kidogo tu. Mwaka 2016 Kongo ilijiunga na Azimio la Shule Salama, lenye ahadi za kulinda shule wakati wa vita na kuzuia jeshi na makundi ya silaha kuzigeuza makao yao. Kiongozi anayekwenda kuzungumza na wakubwa wa askari juu ya darasa lililochukuliwa anaweza kulitaja.

Kitabu anachokipenda

Tukiuliza «kitabu gani unakipenda?», wengi wanajibu kwanza kwa kutaja kitabu cha shule, kwa sababu ndicho pekee walichokiona. Ukikaa nao zaidi unasikia mengine. Watoto wa makanisa ya Kiprotestanti wanakitaja Nyimbo za Wokovu. Wimbo wanaujua kwa moyo, kwa hiyo macho yanafuata maneno ambayo mdomo tayari unayasema, na hiyo ni njia nzuri sana ya kujifunza kusoma, hata kama hakuna aliyeipanga. Wengine wanapenda karatasi za afya zenye picha, zile za kipindupindu na kunawa mikono. Tulimkuta kijana mmoja ameziweka kumi na moja, zimekunjwa vizuri, anazisomea wadogo zake kama hadithi.

Lakini wanachokipenda kuliko vyote ni hadithi za wanyama. Sungura na fisi wanajulikana na kila mtoto, kutoka kwa bibi, kabla hajafika shuleni. Akizikuta kwenye kitabu chenye picha anashangaa kwamba maneno ya bibi yanaweza kuandikwa. Vitabu vya namna hiyo kwa Kiswahili vipo. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015, ulichapisha vitabu vya kusomea kwa lugha za taifa kwa madarasa ya kwanza, na shule zingine bado zinavyo, wakati mwingine vimefungiwa kabatini kwa direkta ili visichafuke. Tunawaomba madirekta wavitoe. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Pia African Storybook, kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, inatoa hadithi nyingi za watoto, za Kiswahili pia, ambazo yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuzichukua na kuzichapa bila malipo. Kaka na dada wa sekondari wao wanamtafuta Zamenga Batukezanga, mwandishi wetu aliyefariki mwaka 2000. Carte postale yake ya mwaka 1974 bado inapita mkono kwa mkono bila jalada.

Mahali ambapo hakuna kitabu, kuna radio. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalipitishwa hewani kwenye Radio Okapi, na tuliona watoto sita wamekizunguka kiredio kimoja, kila mmoja na daftari.

Jioni nyumbani

Taa ni tatizo, kwa hiyo kusoma kufanyike kabla jua halijazama, robo saa tu. Mama mmoja alituambia, «Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?» Anaweza kusaidia sana. Amwambie mtoto asome kwa sauti, kisha amwulize maswali matatu: ni nani yumo ndani, amefanya nini, na wewe ungefanya nini. Mtoto asiyeelewa atajulikana kwenye swali la pili, wala mama hahitaji kujua herufi hata moja.

Kitabu kinaweza pia kutengenezwa nyumbani. Chukueni karatasi nne, mzikunje katikati, mzishone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo. Mnapata kurasa kumi na sita. Bibi anasimulia, mtoto anaandika: upande mmoja lugha ya nyumbani, upande wa pili Kiswahili, na picha anachora mwenyewe. Mtoto wa jirani mwenyeji naye aandike hadithi ya bibi yake, halafu wabadilishane. Vikimalizika viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, pamoja na buleti ya mwisho, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na karatasi yenye jina la shule, darasa na jina la mwalimu. Mfuko huo ukae karibu na mlango, na mtoto mkubwa aambiwe kwamba ikibidi kutoka usiku, kazi yake ni kuubeba huo.