Nishani kibao kifuani, lakini ni za nini?

Kama wewe ni mtu wa Eastlands, ukisikia Burma unahisi njaa kwanza. Unaona mapaja ya mbuzi yamening'inia, unaona kachumbari na pilipili, unamwona jamaa wa matumbo anayekuita "kastoma" kabla hata hujashuka kwa mat. Soko la Burma liko kando ya Jogoo Road, pande za Shauri Moyo na Kaloleni, karibu na ule uwanja tuliozoea kuuita City Stadium. Watu hununua kilo mbili, wanachomewa, wanakula, wanaenda zao.

Lakini umewahi kujiuliza kwa nini soko la nyama la Nairobi linaitwa kwa jina la nchi ya Asia, tena nchi ambayo siku hizi yenyewe inajiita Myanmar?

Nilimuuliza mzee mmoja anayekata nyama hapo. "Mzee, hili jina lilitoka wapi?" Akanipangusia kisu, akaniangalia. "Kijana wangu, mimi nilikuja nikapata linaitwa hivyo. Utachukua mbavu ama paja?"

Nikachukua mbavu. Jibu la swali nimelitafuta kwingine.

Jibu ni askari. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia, karibu Wakenya laki moja walivaa sare ya Mwingereza. Wengi walikuwa Keya, maana hivyo ndivyo watu wetu walivyozitamka zile herufi KAR, yaani King's African Rifles. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliokuwa na kichwa cha kifaru begani, waliingizwa Burma kupigana na Wajapani. Walipita bonde la Kabaw msimu wa mvua kubwa, matope na malaria kila hatua, hadi bonde likabandikwa jina Bonde la Mauti. Desemba mwaka huo wakavuka mto Chindwin. Waliobahatika kurudi walirudi na hadithi, na jina la vita likabaki kwenye soko letu.

Kulikuwa na kitu kingine pia: nyota ya rangi ya shaba, yenye ncha sita, inayoning'inia kwenye utepe wa bluu iliyokolea, nyekundu na rangi ya machungwa. Iliitwa Nyota ya Burma. Hiyo nyota ndiyo imenifanya niandike hii stori, kwa sababu kuna mjadala ambao hauishi: je, nishani zikizidi, zinakosa maana?

Mkia wa herufi

Usidhani hili ni jambo la wanajeshi pekee. Hudhuria mazishi yoyote ya mtu mkubwa hapa Kenya usikilize MC akiwataja wageni. Mheshimiwa Daktari Fulani, EGH, EBS, MBS. MC anapumua katikati ya jina moja. Tembea Jogoo Road asubuhi uhesabu sare: trafiki, kanjo, NYS, na mlinzi wa supamaketi mwenye bereti na tepe mabegani kama mtu aliyerudi kutoka vitani jana.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nyuma ya jina langu hakuna herufi hata moja. Labda ndiyo maana naziangalia za wengine kwa makini.

Wanaolalamika kwamba nishani zimezidi wana hoja, na ni hoja rahisi: kitu kikijaa sokoni, bei inashuka. Mwaka wa 1983 Marekani ilivamia Grenada, kisiwa kidogo sana cha Karibi. Vita vyenyewe viliisha kwa siku chache. Jeshi lao la nchi kavu likagawa nishani zaidi ya 8,600, ilhali wanajeshi wake waliokanyaga kisiwa hicho hawakupita 7,000 hivi. Wamarekani wenyewe walicheka. Huko Umoja wa Sovieti, Leonid Brezhnev alijipatia nishani zaidi ya mia, hadi mwaka wa 1978 akavishwa Nishani ya Ushindi, ambayo ilikuwa ya makamanda waliogeuza mkondo wa vita vikubwa. Alipokufa, ikafutwa mwaka wa 1989.

Ukisikia hivyo unasema, sawa, wingi ni noma. Lakini hebu turudi kwa ile Nyota ya Burma.

Nyota ya kila mtu

Nyota ya Burma haikuwa ya mashujaa pekee. Ilikuwa ya kila mtu. Ukiwa umetumika kwenye vita vya Burma kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, ulistahili. Jenerali alipewa nyota ileile aliyopewa mpishi, dereva na mbeba risasi. Kwa hesabu ya wingi, hiyo ingekuwa nishani ya bei rahisi kuliko zote. Mbona basi hakuna anayeicheka?

Kwa sababu inasema kitu kimoja, na kitu hicho ni cha kweli: ulikuwepo. Haisemi ulikuwa simba. Haisemi uliokoa mtu. Inasema mvua ya Kabaw ilikunyeshea wewe pia.

Ni kama beji za skauti. Ukimwona mtoto wa skauti na beji kumi kwenye mkono wa shati huwezi kuguna, kwa sababu kila beji ina jibu. Hii ni ya huduma ya kwanza, ile ni ya kuogelea. Ukitaka kuhakikisha, mpeleke kwenye maji.

Kwa hivyo mimi naona tumekuwa tukihesabu kitu kisichofaa. Shida si nishani ngapi. Shida inaanza pale nishani inapoachana na kitendo, ukiuliza "ya nini?" na mwenye nayo anaanza kukohoa.

Field Marshal mmoja na mwingine

Mfano mkubwa kabisa ulikuwa jirani yetu. Idi Amin alikuwa Keya pia. Aliingia jeshini mwaka wa 1946 na akaanzia jikoni. Baadaye alidai kwamba alipigana Burma. Sasa piga hesabu mwenyewe: vita vya Burma viliisha 1945. Alipoingia Ikulu ya Uganda kwa mapinduzi mwaka wa 1971, mambo yakazidi. Akajiita Field Marshal. Akajitwika VC, herufi za Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa kwa Waingereza. Akaongeza CBE, akasema maana yake ni Mshindi wa Dola la Uingereza. Angalia picha zake: nishani zimeshuka kifua kizima. Na mwaka wa 1979 vita halisi vilipofika Kampala, mwenye nishani zote hizo alitoroka.

Utaniambia, shida ya Amin ni kwamba alijipa mwenyewe. Haya. Basi tuangalie msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya. Dedan Kimathi naye aliitwa Field Marshal, na hakuna serikali iliyompa cheo hicho. Muthoni wa Kirima vilevile, mwanamke pekee aliyefika cheo hicho kwenye Mau Mau. Hawakuwa na kiwanda cha nishani msituni. Muthoni alikuwa na nywele zake. Alizifuga rasta tangu enzi za vita hadi 2022, na alipokufa mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza umarshali wake ulikuwa wa nini.

Na kuna Waruhiu Itote, yule Jenerali China. Huyu Burma alifika kweli, kama Keya. Akajifunza vita kwa gharama ya Mwingereza, akarudi, akaingia msituni kumpiga Mwingereza huyohuyo. Miaka hiyohiyo Amin alikuwa Kenya akiwa na sare ya KAR, akiwawinda Mau Mau. Manze, hebu fikiria hilo: aliyepigana Burma anawindwa msituni, na anayemwinda ndiye baadaye atadai kupigana Burma.

Cheo ni kimoja, neno ni lilelile. Tofauti ni kile kilichoko nyuma yake.

Uchache nao hauponyi

Kuna wale watakaosema suluhisho ni kutoa nishani chache sana. Wapewe wawili, watatu, basi. Hiyo pia ilijaribiwa hapa.

Kwenye vita vile, Victoria Cross ya KAR ilikuwa moja tu. Ilienda kwa Sajini Nigel Leakey, mzungu wa Kenya aliyeuawa Ethiopia mwezi Mei 1941 akivamia vifaru vya Waitaliano akiwa na bastola. Ushujaa wake hauna ubishi. Lakini kati ya maelfu ya Keya weusi waliopigana Ethiopia, Madagascar na Burma, hakuna hata mmoja aliyeipata. Utaniambia hakukuwa na shujaa mmoja? Nishani chache zinaweza kudanganya vilevile kama nyingi, ikiwa macho yanayotafuta mashujaa yanaangalia upande mmoja.

Halafu kuna suala la doo. Nyaraka za kikoloni zilizoanikwa na vyombo vya habari mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha vita kilipimwa kwa rangi ya ngozi. Askari wa kawaida mzungu aliyeishi kwenye makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa kazi. Mweusi wa cheo hichohicho, shilingi 3 na nusu. Mzungu aliyetoka vitani alikuwa na mpango wa serikali wa kupata shamba kwenye nyanda za juu. Mwafrika alirudi kwenye nchi ambayo bado ilimtaka abebe kipande, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kibati. Nyota kifuani, kibati shingoni.

Na kitu cha mwisho: Mwingereza hakuchonga majina kwenye nyota hizo. Ikipotea au ikiuzwa, hakuna anayeweza kusema ilikuwa ya nani.

Kwa jina lako

Sasa tuje leo. Katiba yetu, kifungu cha 132, inasema Rais anaweza kutoa nishani kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Soma tena: kwa jina la wananchi. Ile orodha inayotoka kila Jamhuri Dei imetolewa kwa jina lako wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa kwa foleni. Unaona majina na herufi: EGH, MBS, OGW, HSC. Mara nyingi huoni mstari mmoja unaosema huyu alifanya nini. Kuna wengine huhitaji kuambiwa. Eliud Kipchoge alipopewa EGH Oktoba 2019, siku chache baada ya kukimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna, kila mtoto wa mtaani alijua ni ya nini. Lakini kwa wengine unabaki kukisia, na ukikisia unafikiria siasa.

Najua kuna mtu atasema, "We kijana, unacheza na vitu vizito. Mwambie mama aliyempoteza mtoto El Adde kwamba nishani ni nyingi." Siwezi kumwambia hivyo, na hata sitaki. Kambi ile ya wanajeshi wetu Somalia ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na hadi leo serikali haijatutangazia idadi kamili ya waliouawa. Mama huyo hana nishani nyingi mno. Anachokosa ni hadithi: mwanangu alisimama wapi, alifanya nini, nani alikuwa naye. Nishani bila hadithi hiyo ni kipande cha chuma kwenye boksi zuri.

Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa mkuu wa majeshi, alikufa kwenye ajali ya helikopta Aprili 2024. Mtu wa cheo hicho alikuwa na tepe za kutosha kifuani. Alikuwa ameacha agizo azikwe haraka na bila jeneza, na ndivyo alivyozikwa Siaya siku tatu baadaye. Waulize watu wanakumbuka nini kumhusu. Watakwambia lile jeneza ambalo halikuwepo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Orodha ya nishani ikitoka tena tarehe 12 Desemba, kila jina liwe na mstari mmoja kwa Kiswahili ambacho sote tunaelewa: alifanya hiki, mahali hapa, mwaka huu. Wakipewa watu mia tano na mistari mia tano, mimi nitaisoma yote.

Na wewe, ukienda ushago, muulize nyanya kama guka wa zamani aliacha kitu kwenye sanduku. Ukipata nyota ya shaba yenye ncha sita, haina jina. Chukua karatasi, uandike ilikuwa ya nani, alienda wapi na alirudi na nini. Uifunge pamoja nayo kabla nyanya hajasahau.