Hasira ya dada yetu: ni dawa, ao ni sisi?

Huku Bangboka, mtu mmoja wa karibu yangu ni mwanamke transi, ni kusema alizaliwa akaandikwa mvulana, leo anaishi kama mwanamke. Ameniruhusu niandike, jina linabaki kwangu. Tangu aanze homoni, watu wanasema: «Dawa zimemugeuza mukali.» Sasa anataka kuziacha zote mara moja. Mimi ni agronomu, si munganga, lakini nilisoma ili nimujibu.

Matibabu yenyewe ni estradioli, homoni ya kike, na mara nyingi dawa ingine ya kushusha testosteroni. Mwili unapita kama ujana wa pili: machozi, usingizi na hasira vinaweza kubadilika. Mambo matatu njo ya kuchunga.

Kwanza, kupanda na kushuka. Kisha shindano, estradioli inapanda katika damu, halafu inashuka mbele ya shindano lingine. Wengine wanasikia hasira siku hizo za mwisho. Munganga anaweza kupunguza dozi na kukaribisha siku.

Pili, siproteroni, moja ya dawa za kushusha testosteroni. Huzuni nzito ni kati ya madhara yake. Zamani wengi walipewa miligramu 50 ao zaidi kwa siku; maelekezo ya kimataifa ya 2022 yanasema 10. Sisi agronomu tunaelewa: auksini kidogo inaotesha mizizi ya kipande cha shina, 2,4-D, auksini ya kutengenezwa, kwa wingi inaua magugu.

Tatu, kuacha ghafla, ao kujinunulia vinini vya uzazi wa mpango farmasi. Vingi vina etinilestradioli, yenye hatari ya kugandisha damu.

Lakini uchunguzi mwingi unaonyesha kwamba, kwa wanaofuatwa vizuri, huzuni kwa jumla inapungua. Na si kila hasira inatoka katika damu. Kule Kenya, Audrey Mbugua, mhitimu kama sisi, alibaki na cheti chenye jina la kiume mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru kibadilishwe, mwaka 2014. Nani angekaa mupole?

Nilimwambia: usiache peke yako. Andika kila siku usingizi, hasira na saa ya dawa, peleka daftari kwa munganga. Ukisikia hamu ya kuishi imeisha, nenda siku hiyohiyo.

Na sisi, mbele ya kusema «ni dawa», tumuulize kwanza leo wamemuita nani njiani.