Kumfundisha Mtoto Kufananisha

Mtoto wa Lodwar ambaye hajaiona theluji hata siku moja huandika katika insha yake kwamba meno ya dada yake ni "meupe kama theluji". Mwenziwe wa Nyeri, ambaye asubuhi pasipo mawingu huiona kileleni mwa Mlima Kenya, huandika maneno yayo hayo. Wote wawili wameyatoa katika orodha waliyopewa wakariri. Katika miaka ya mtihani wa KCPE, tangu 1985 hata 2023, insha ya Kiswahili ilitolewa alama 40, na orodha za namna hiyo zilienea shuleni, kwa kuwa walimu na wazazi walitaka alama.

Lakini kufananisha hakuanzii katika orodha. Mtoto aliyekaa jioni na bibi yake, akasikia "Kitendawili!" naye akaitika "Tega!", amekwisha kulianza somo hili kabla ya kuingia darasani. Aambiwapo, "Nyumba yangu haina mlango," naye akajibu kuwa ni yai, amefahamu kwamba kitu chaweza kuitwa kwa jina la kingine kwa ajili ya sifa iliyomo katika vyote viwili. Hiyo ndiyo sitiari. Tashbihi ni nyepesi zaidi, kwa maana huonyesha kiungo chake waziwazi: kama, mithili ya, mfano wa.

Basi yafaa mtoto aulizwe kila mara: ni kitu gani kinachofananishwa, kinafananishwa na nini, na kwa sifa gani? Chukua "mrefu kama mlingoti". Mtoto wa Lamu ataonyesha jahazi. Wa bara ataonyesha mlingoti wa bendera uwanjani mwa shule. Wala hakuna aliyekosea. Asiyeweza kuonyesha lolote hajui alisemalo, na afadhali atafute mfano mwingine.

Kisha neno "kama" liondolewe. "Juma ni mwepesi kama swala" yawa "Juma ni swala". Hapo pana hatari kidogo, maana sifa haitajwi tena. Mtoto akiandika "Mjomba ni simba", je, mjomba huyo ni shujaa, au ni mkali kwa watu wa nyumbani mwake? Watoto watabishana, na mwalimu asiwanyamazishe upesi, kwa kuwa ubishi huo ndio utakaowapeleka kuzisoma vema sentensi zinazofuata.

Mzazi mkulima ana darasa lake shambani. Wakati wa ukame majani ya mahindi hujikunja ili yasipoteze maji mengi. Na awaulize watoto wake, "Yafanana na nini?" Majibu ya kwanza huenda yakawa ya orodha, asiyapokee, angoje. Mmoja atasema yamejikunja kama mkeka, mwingine kama mwavuli uliofungwa. Na aliye mdogo kuliko wote, ambaye hata neno tashbihi hajalisikia, huenda akasema kwamba mahindi yamefumba macho.